Mtoto Anayepimwa kwa Mikono

Mama Marthe wa avenue ya kumi na nne, komini ya Tshopo, ni fundi wa kushona, na kama mafundi wengi wa kazi yake anaamini kwamba binadamu ni kiuno, kifua na urefu wa mkono. Yaliyobaki ni maelezo. Ameshona sare za shule miaka kumi na saba. Mtoto akipita barabarani, Marthe anazijua sentimita zake, na akikosea hakosei zaidi ya mbili. Ni kipaji kizuri. Ni mwaka huu tu alipotamani asingekuwa nacho.

Anaishi na Glodie, mtoto wa marehemu dada yake Lucie, msichana wa miaka kumi na moja. Baba wa Glodie, Anselme, alizama na mashua njiani kwenda Yangambi kabla mtoto hajaota meno. Lucie alimfuata miaka sita baadaye, naye alipita njia ndefu: kifua, kikohozi, kukonda. Alikonda mwaka mzima. Marthe ndiye aliyempunguzia nguo, mara tano, na kila mara alikata kitambaa kilichozidi na kukitupa kwenye kikapu cha mabaki. Mara ya tano kilichokatwa kilikuwa kingi kuliko kilichobaki mwilini. Tangu msiba ule hakati. Akipunguza nguo ya mtu, anakunja kitambaa kwa ndani na kukishona humo, hata kama kinamvimbisha mteja kiunoni. Wateja wanalalamika. Marthe anawaambia ni mtindo.

Baada ya matanga familia ilikaa kikao. Mtoto ni wa ukoo wa baba, hilo halikuhitaji mjadala. Lakini Tonton Bavon, kaka wa Anselme na mlimaji wa mpunga kule Bengamisa, alikuwa na watoto saba na paa linalovuja, kwa hiyo akasema mtoto abaki kwanza kwa Marthe, kwa muda. Huo muda hakuna aliyeuwekea mwisho. Sharti lilikuwa moja.

“Kila mwaka nitakuya kumunyanyua,” alisema Bavon.

Ndivyo wanavyofanya kwao. Mtoto aliyelelewa upande wa mama anakaguliwa na upande wa baba, na ukaguzi ni huu: baba mkubwa anamshika chini ya makwapa mbele ya watu, anamwinua, anamshikilia hewani kwa muda wa Baba Yetu moja isiyokuwa na haraka, kisha anamshusha na kusema, “Mutoto iko.” Watu wanapiga makofi na kuanza kula. Bavon alichagua siku ya proklamasio, mwanzoni mwa mwezi wa saba, shule zinaposoma matokeo. Siku hiyo moja Glodie alikuwa anapata asilimia zake kutoka kwa mwalimu na uzito wake kutoka kwa Tonton. Asilimia hazikumkosesha mtu usingizi.

Uzito ulikuwa jambo jingine. Miaka miwili iliyopita Bavon alimnyanyua Exaucé, mtoto wa ukoo huohuo aliyekuwa kwa mama yake mdogo kule Lubunga. Alimnyanyua, akamnyanyua tena kwa mkono mmoja. Hakusema mtoto iko. Bavon hakugusa chakula, na kabla ya saa kumi begi la Exaucé lilikuwa limefungwa nyuma ya pikipiki. Yule mama mdogo aliifuata pikipiki mbio mpaka kwenye kivuko cha mto. Pikipiki ilivuka.

Kwa hiyo Marthe alilisha. Lituma ya ndizi zilizopondwa asubuhi, mikate ya kukaanga saa nne, fufu na samaki wa chumvi, makayabu, mchana, wali na maharage ya madesu jioni, na katikati ya hayo vitu vidogovidogo visivyohesabiwa kuwa chakula. Glodie aliingia nyumbani kwake akiwa na mifupa na macho. Miaka minne baadaye Bavon alikuwa akimwinua kwa kuguna, na uso wake ulijaa heshima. “Ooh! Mutoto iko kabisa!” Marthe alipumua mara moja kwa mwaka, na ilikuwa siku hiyo.

Mwezi wa kumi mwaka jana Glodie alikaa chini katikati ya ngazi za shule na kukataa kuendelea, kwa sababu hakuwa na pumzi. Marthe akampeleka kituo cha afya, kwa muuguzi Idrissa, mtu wa sauti ndogo. Idrissa alimweka kwenye mizani, akamtoa, akamweka tena.

“Mama, mutoto iko na kilo makumi sita na moja. Mimi niko na makumi sita na tatu, na niko na bibi na batoto ine.”

“Anakulaka vizuri,” alisema Marthe.

“Nimeona. Tension yake, presha ya damu, ni ya mutu anayengoja pension.” Akaandika kitu. “Mafuta kidogo, mikate hapana, na sport kila siku akitoka ku masomo. Bila ile, moyo itachoka mbele ya yeye kuolewa.”

“Na akikonda?”

“Njo ile tunatafuta, mama.”

Marthe alirudi nyumbani akiwa ameambiwa, na mtu mwenye shahada, kwamba ili mtoto abaki hai ni lazima afanane na mtoto atakayechukuliwa.

Michezo ya baada ya masomo haikuwa mingi. Wasichana wa mpira wa miguu walimtazama Glodie wakasema yeye awe goli lenyewe. Ikabaki judo, katika banda nyuma ya shule, ambako mwalimu, Maître Amuri, Mwislamu mfupi mwembamba wa familia za zamani za mjini, alikuwa ametandaza turubai juu ya vumbi la mbao alilopewa na wapasua magogo. Marthe alikaa kwenye benchi siku ya kwanza, utepe wa kupimia ukiwa shingoni.

“Hapa hatuchekake mutu muzito,” alisema Maître. “Muzito iko na mutaji tayari.”

Kisha akamwita Sadrack, kijana wa futi sita kasoro kidogo, na Nyota, msichana mdogo kuliko wote, akamwambia Sadrack amnyanyue. Sadrack akamshika. Nyota akapinda magoti, akashusha kiuno, akamshika kijana mikono, na hapo Sadrack akaanza kuvuta kama mtu aliyekosea akashika mzizi wa mti badala ya muhogo. Nyota hakutoka ardhini.

“Munaona? Uzito haiko mu nyama,” alisema Maître. “Uzito iko pale unaweka kiuno.”

Marthe aliliona hilo kuwa ni maneno ya watu wa michezo, ambao hawana tonton kule Bengamisa.

Kilo ziliondoka polepole, kisha bila adabu. Kila Jumapili baada ya misa Marthe alizungusha utepe kiunoni mwa mtoto, na kila Jumapili utepe ulimjibu vibaya. Krismasi, sentimita tatu. Mwezi wa pili, sita. Glodie alipanda ngazi za shule akiimba. Alilala vizuri, alicheka, alijifunza kuanguka bila kuumia na akataka kuwaonyesha watu wote jinsi ya kuanguka. Marthe alizipokea habari hizo njema kama mtu anayesomewa hukumu kwa lugha ya kigeni. Yeye alikuwa ameshaona mwili mmoja wa ukoo ule ukipungua hivyo, sentimita kwa sentimita, na mwenye mwili alikuwa akicheka pia, mwanzoni.

Mwezi wa tatu Glodie alikohoa. Mara moja, kwa sababu ya vumbi la mbao. Marthe aliweka mkasi mezani na hakushona tena siku ile. Kesho yake walikuwa kwa Idrissa. Makohozi yalipimwa, kifua kikasikilizwa mbele na nyuma, na Idrissa akatoa karatasi yenye muhuri: mtoto ni mzima, mapafu safi, tension imeshuka. Marthe aliikunja mara nne na kuiweka kwenye kopo la vifungo. Ilikuwa karatasi nzuri. Kasoro yake ni kwamba Tonton Bavon husoma kwa mikono.

Mama Daniella, anayekaanga mikate pale kwenye kona na aliyepoteza mteja wake mkubwa, alikuja kusalimia.

“Marthe, mutoto anakonda, hein?”

“Ni sport.”

“Ah bon.” Akatazama cherehani, akatazama kikapu. “Na ya Lucie, ile pia ilikuwa sport?”

Mwezi wa sita, siku ishirini kabla ya proklamasio, Marthe alifanya jambo ambalo Idrissa angelia kama angelisikia. Alikificha kimono cha judo juu ya kabati, akamwambia mtoto judo imefungwa kwa likizo, akaanza tena lituma, makayabu, wali, mikate ya Mama Daniella kwa dazeni. Glodie alikula alichopewa. Siku ya nne aliuliza, kijiko mkononi:

“Mama, unaninenepesha sababu ya mimi, ao sababu ya Tonton?”

“Kula.”

“Maître amesema judo haijafungwa.”

“Kula, nimesema.”

Siku ya tisa Marthe alimkuta uani, peke yake, ameshika nguzo ya kamba ya nguo kwa mikono miwili, anapinda magoti, anashusha kiuno, anainuka, anapinda tena. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti, kama jasho. Marthe alirudi ndani. Kisha akapanda kwenye kiti, akatoa kimono juu ya kabati, akakipiga pasi. Kilo zilizorudi zilikuwa moja na nusu. Zikaondoka kwa siku nne.

Kikabaki kitambaa. Marthe alishona gauni la kitenge ambalo angeweza kulipeleka kwenye maonyesho, kama kungekuwa na maonyesho ya uongo: bitana mbili, mabega yaliyojazwa, mikono ya puto, marinda kiunoni yenye tabaka tatu. Ndani yake mtoto wa kilo hamsini na mbili alionekana wa hamsini na nane, ukimtazama ukiwa mbali mita tatu.

“Mama, niko kama matela ya kulalia,” alisema Glodie mbele ya kioo.

“Njo vizuri.”

“Na Tonton akinishika?”

Marthe alichomeka pini nyingine mbili begani.

Bavon alifika siku yenyewe saa saba mchana, nyuma ya pikipiki, na mkungu wa ndizi na kuku mzima. Dada yake Augustine alikuwa kwenye pikipiki ya pili. Yeye ndiye shahidi, na ana sauti ya kufaa kazi hiyo. Glodie alikuwa amepata asilimia sitini na nane. Bavon akasema vema. Alikuwa amevaa koti, na jua lile. Siku nyingine Marthe angeliliona koti kabla ya kumwona mwenye koti. Siku hiyo aliona mikono tu: ile mikono mikubwa ya mpunga, inayoning'inia ikingoja.

Viti vilisogezwa. Mama Daniella alikuwa amekuja kuazima chumvi na akaona vema akae. Glodie alisimama katikati ya uwanja ndani ya gauni lake, na Marthe, ambaye tangu asubuhi alikuwa amelipanga begi la mtoto kichwani mwake, soksi hizi, daftari hili, alisogea mpaka ukingo wa kiti.

Bavon aliinama. Aliingiza mikono chini ya makwapa. Vidole vyake vilizama kwenye bitana, vikatafuta, vikazama tena, mpaka vikakutana na mbavu. Marthe aliona vilipokutana nazo.

Akavuta.

Visigino vya Glodie vilitoka ardhini kiasi cha kidole kimoja. Kisha magoti yakapinda. Lilikuwa jambo dogo, chini ya marinda, na labda hapakuwa na jicho pale la kuliona isipokuwa jicho la fundi. Kiuno kikashuka. Mikono miwili midogo ikashika mikono ya koti, si kwa nguvu. Visigino vikarudi chini. Bavon akavuta tena, akaguna, mshipa ukamtoka shingoni. Mtoto hakwenda popote.

“Bavon, iko nini? Inua!” alisema Augustine.

Alivuta mara ya tatu. Kisha akaachia, akarudi nyuma hatua mbili, akajifuta uso kwa kiganja. Alikuwa anahema. Alimtazama mtoto, na mtoto alimtazama yeye, na Baba Yetu nzima ilipita pale bila mtu kuisoma.

“Mutoto iko,” alisema Bavon. Halafu kwa sauti kubwa: “Tena iko kupita! Marthe, unataka kuua mutoto na lituma? Punguza mafuta, wee!”

Watu wakacheka. Mama Daniella alisahau chumvi. Augustine akapiga makofi na kutangaza kwa avenue yote kwamba huyu sasa hata gari haitamtikisa. Marthe aligawa chakula, lakini hakuamini. Mbavu zilikuwa zimeshikwa. Aliona jinsi Bavon alivyoichezea fufu, akamega mara mbili, akasukuma sahani. Hakula. Mtu asiyekula ana neno. Kwa Exaucé pia hakula.

Aliponawa mikono, Bavon alisimama akaingia kwenye chumba cha kushonea, akavuta pazia nusu.

“Mama Marthe. Kuya kidogo.”

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, karibu na cherehani. Hakumkaribisha akae, ingawa nyumba ilikuwa ya Marthe.

“Mutoto amekonda,” alisema.

Marthe alifungua kopo la vifungo. Vifungo vilimwagika mpaka chini ya cherehani, akaitoa karatasi, akaikunjua vibaya, ikachanika pembeni. “Tonton, niko na karatasi ya Idrissa, iko na muhuri, mapafu iko safi, ni tension, ni judo, mutoto haiko mugonjwa, nakuapia mbele ya Mungu, nguo ni mimi nilikosa, lakini mutoto anakula, uliza yeye mwenyewe…”

“Nguo ni mingi, mutoto ni kidogo. Nilishika mbavu.” Alisema bila hasira. “Na ameshusha kiuno. Nilisikia. Ni akili ao ni huruma, sijue.”

“Huruma ya nini?”

Bavon alifungua koti.

Macho ya Marthe yalipima kabla hajayaruhusu. Suruali ilikuwa imekusanywa kiunoni kama pazia kwenye waya. Mkanda ulikuwa na matundu matatu mapya, yaliyotobolewa kwa msumari, na ncha yake ilizunguka karibu mpaka mgongoni. Sentimita kumi na moja. Labda kumi na mbili.

“Tangu mwezi ya pili,” alisema Bavon. “Kule Bengamisa batu wameanza kuangalia. Wananiuliza habari ya nyumba, wananiuliza nani ananichukia. Donc ningefanya nini pale inje? Ningesema mutoto amekonda, Augustine angeangalia mutoto, halafu angeangalia mimi. Ningemufungua mwenyewe macho.” Alifunga koti, akalifungua tena. “Na sikuweza. Hata kama hangeshusha kiuno, Marthe, singeweza kumunyanyua.”

Nje Augustine alikuwa anaeleza tena, kwa wageni wapya, jinsi mtoto alivyokataa kutoka ardhini.

“Unipunguzie hii suruali,” alisema Bavon. “Na hii shati. Nikivaa kitu inanitosha hawatajua. Mutoto abaki hapa. Kule sina mikono ya kumulisha.”

Ndiyo maneno ambayo Marthe alikuwa ameyaomba kwa mwaka mzima, na yalipofika hakuweza kuyafurahia. Alichukua utepe, akapiga goti, akamzungushia kiunoni. Mwili ulikuwa wa moto kidogo, moto wa mchana unaomjia mtu kila siku saa ileile. Aliujua.

“Unakohoa?”

Bavon aliliangalia dirisha. “Kidogo.”

Lucie naye alisema kidogo.

“Utaenda kwa Idrissa,” alisema Marthe. “Leo. Iko kwa kazi mpaka saa kumi.”

“Suruali kwanza.”

“Suruali inabaki kwangu. Ukitoka kwa Idrissa utaikuta tayari.”

“Nitaenda na nini? Na kitenge?”

Alimpa suruali ya mteja aliyesahau kuichukua tangu Pasaka, mtu mwembamba, mwalimu. Ilimtosha Bavon bila mkanda. Wote wawili waliliona hilo. Kisha akamwita Glodie, akamvua lile gauni, akampa nguo yake ya kila siku, akamwambia ampeleke Tonton kwa Idrissa, na kama Augustine atauliza, ni kwa ajili ya mgongo.

“Mgongo ya kuninyanyua?” aliuliza Glodie.

“Njo ile.”

Marthe alikaa kwenye cherehani, mahali ambapo mlango unaonyesha barabara. Waliondoka upande wa kivuli. Mwanzoni mtoto alitangulia, kwa zile hatua zake mpya, kisha akageuka, akarudi, akatembea polepole kando ya Tonton. Kwenye kona ya Mama Daniella, Bavon alisimama kupumzika na mkono ukutani. Glodie akasimama naye. Alimshika kiwiko, na hata kwa umbali ule Marthe aliona magoti ya mtoto yakipinda kidogo, na kiuno kikishuka.

Aliigeuza suruali nje ndani. Akakunja sentimita kumi na moja, akaziweka pini, akashona. Kitambaa kilichozidi kilijaa ndani kama kitu kilichofichwa. Mkasi ulikuwa mezani, karibu na mkono. Aliusukuma mpaka upande wa pili, mahali asipoweza kuufikia bila kusimama, na akaanza kushona upande wa nyuma.